Kitalu na Mlango Wake: Habari ya Watu wa Miti

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Methali hii twaifundisha kila mwaka madarasani, na wanafunzi huielewa upesi. Katika makala haya tunakusudia kusimulia historia iendayo kinyume chake: habari ya wajenzi waliojitokeza mahali ambapo miti ilikuwa inakwisha, wakaanza kujenga kwa mbegu. Mahali penyewe ni kwa jirani zetu wa Kenya, na chombo cha ujenzi huo kilikuwa kitalu cha miche.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Katika kamusi za zamani kitalu ni ukuta au ua wa mawe uzungukao mahali. Maana ya sehemu ya bustani iliyotengwa, na hatimaye mahali pa kukuzia miche, ndiyo iliyoenea baadaye. Ndani ya neno hili, basi, mna ukuta. Swali linalotushughulisha ni hili: katika miaka mia moja iliyopita, ni nani aliyeruhusiwa kuingia ndani ya ukuta huo na kuotesha mti?

Mwaka 1920 alifika Kenya Mwingereza aitwaye Richard St. Barbe Baker, afisa katika Idara ya Misitu ya serikali ya kikoloni. Katika nchi ya Wakikuyu aliona misitu ikirudi nyuma kila mashamba yalipopanuka. Alipowashauri wazee wapande miti, walimjibu kwamba kuotesha miti ni shauri la Mungu wala si la wanadamu. Jibu hilo halikuwa la ujinga, kwa maana katika maisha yao yote msitu ulikuwa umejiotea wenyewe. Baker aligundua kuwa Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda nafaka na ngoma za kuvuna, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo aliitisha ngoma ya namna hiyo huko Muguga, tarehe 22 Julai 1922. Vijana walikuja kwa maelfu, na hamsini wakachaguliwa kuwa wa kwanza kuapa. Waliahidi mambo matatu: kuulinda msitu wa asili, kupanda miti ya asili kumi kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo. Wakajiita Watu wa Miti.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kusimama kidogo mbele ya jina hilo. Walioapa walikuwa Wakikuyu, na aliyewaita alikuwa Mwingereza. Jina walilokutana ndani yake likawa la Kiswahili. Jumuiya hiyo ilipandwa Uingereza mwaka 1924 kwa jina lililotafsiriwa, Men of the Trees, nayo ingali hai hadi leo kwa jina la International Tree Foundation.

Hata hivyo, siasa ya misitu ya serikali ilishika njia nyingine. Katika maeneo makubwa misitu ya asili ilifyekwa na mahali pake ikapandwa misaiprasi, misonobari na mikaratusi. Hatuna sababu ya kuitukana miti hiyo: hukua haraka, hunyooka, na hutoa mbao na kuni kwa wingi. Lakini shamba la mti wa aina moja halina vichaka, nyuki, matunda wala dawa kama msitu uliofyekwa. Kadhalika, kitalu cha miche kikawa mali ya idara. Ndani yake mwenye cheti alikuwa bwana misitu. Mwanakijiji aliingia humo kama kibarua.

Aliyekuja kuugonga ukuta huo ni Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilayani Nyeri. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari wa falsafa, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na Kati kufikia daraja hiyo. Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Alianzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare, akakuza miche, na mwaka 1975 akaipeleka kwenye maonyesho ya kimataifa ya Nairobi. Watu waliitazama na kuisifu, lakini hakuna aliyerudi kuinunua. Baadaye maji yakaadimika na miche ikakauka.

Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, yalifanyika maandamano hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kazi ile iliitwa harambee ya kuiokoa ardhi. Ilipandwa miti saba kwa kuwakumbuka mashujaa saba wa makabila mbalimbali, miongoni mwao Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, Nabongo Mumia wa Waluhya na Waiyaki wa Hinga wa Wakikuyu. Katika miti hiyo saba, miwili tu ndiyo iliyonusurika. Hapa ndipo ilipopatikana elimu kubwa ya harakati nzima. Kupanda ni kazi ya siku moja, tena siku ya hotuba na vigelegele. Kutunza ni kazi ya kila asubuhi, na kazi ya kila asubuhi haifanyiki ila na mtu anayeishi karibu.

Basi shauri likawa kukipeleka kitalu nyumbani kwa watu. Mwanzoni wanawake waliomba miche kwa idara ya misitu, na Maathai akasema shabaha ni mti mmoja kwa kila Mkenya, yaani miti milioni 15. Mkuu wa misitu alicheka na kuahidi kuwapa bure miche yote waitakayo. Mwaka haujatimia akalazimika kuitangua ahadi yake, maana miche iliyochukuliwa ilipita uwezo wa idara. Wanawake wakaamua kujioteshea wenyewe. Wataalamu waliitwa kuwafundisha, lakini masomo yao ya mwinuko wa kitanda na kipimo cha udongo yaliwachanganya watu ambao maisha yao yote wameotesha mahindi na maharage. Wakayaacha, wakarudi kwenye ujuzi wao. Waliokota mbegu chini ya miti ya jirani, wakaziotesha katika vyungu vilivyovunjika na makopo yaliyotobolewa, wakaviweka juu pasipofikiwa na kuku wala mbuzi.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Chungu kilichovunjika hakihitaji fedha. Kitalu kilicho kando ya jiko hakimlazimu mama kumwacha mtoto, wala mzee kutembea hadi kituo cha misitu. Asiyejua kusoma aweza kuhesabu miche yake. Tena, miongoni mwa shabaha za mwanzo za jumuiya hiyo, iliyokuja kujulikana ulimwenguni kama Green Belt Movement, yaani Harakati ya Mkanda wa Kijani, ilikuwamo kuwapatia kazi maskini wa vijijini na watu wenye ulemavu. Ukuta wa kitalu ulikuwa umepata mlango.

Pengine msomaji atauliza: huko kulikuwa kujitolea kweli, ikiwa wanawake walilipwa? Ni kweli kwamba walipewa kitu kidogo, kama senti nne za Marekani, kwa kila mche ulioshika. Lakini malipo hayakutolewa kwa mche uliopandwa. Yalitolewa kwa mche ulioishi. Kwa hesabu hiyo kidogo hakuna aliyetajirika. Iliyolipiwa ilikuwa subira.

Miti ya asili ilidai subira zaidi. Mbegu za muiri, kwa mfano, hupoteza uhai upesi zikikauka, na yafaa ziatikwe zingali mbichi. Mti huu gome lake ni dawa, nao umechunwa sana hata biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti tangu 1995. Mbegu ya namna hii haikai ghalani ikingoja agizo la ofisi. Yamtaka mtu aujuaye mti mama, aijuaye majira yake, na awepo tunda linapoanguka. Kwa sababu hiyo kitalu cha miti ya asili kilihitaji watu wa mahali penyewe, na kilipowapata kikastawi.

Mlango uliofunguliwa waweza kufungwa tena. Msitu wa Karura, kaskazini ya Nairobi, ulipoanza kugawanywa kwa wajenzi wa majumba, Maathai na wenzake waliingia humo kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni kupanda mti, nao wakapigwa na walinzi. Yeye mwenyewe alipasuliwa kichwa. Msitu haukujengwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikavitambua vyama vya wananchi kuwa washirika katika kuitunza misitu. Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki dunia tarehe 25 Septemba 2011. Harakati yake yahesabu miti zaidi ya milioni 51 iliyopandwa.

Yatufaa nini haya sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za jirani? Wanafunzi wetu waujua mkaratusi na msonobari, miti iliyokuja na meli. Muiri, mugumo na muringa wanaijua kwa lugha za mama zao tu, kama bado wanaijua. Twaweza kuomba pembe ya uwanja wa shule, tukakusanya vyungu vibovu, tukawaalika wazee watutajie miti na majira yake, na wanafunzi wakaandika majina yote, ya lugha zao na ya Kiswahili, kando ya kila mche. Hatusemi kuwa kazi hiyo ni ya haraka. Watu wa Miti waliahidi miti kumi kwa mwaka, na katika shule ya watoto mia tatu hiyo ni miche elfu tatu. Tuanze na kumi.