Nyumba za Wazee Katika Uingereza

Katika mji mdogo wa Southwell, nchini Uingereza, lipo jengo kubwa la matofali mekundu ambalo sasa ni makumbusho. Lilijengwa mwaka 1824. Ukiingia, msomaji, utaona kwamba nyua zake zimegawanywa kwa kuta ndefu: wanaume huku, wanawake kule, na watoto mahali pao. Jengo hili liliitwa nyumba ya kazi, nalo lilikuwa mmojawapo wa mifano iliyofuatwa wakati Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilipoeneza nyumba za namna hiyo nchini.

Wazo la sheria hiyo lilikuwa kali. Maisha ya ndani yalitakiwa yawe mazito kuliko ya kibarua fukara kuliko wote aliye nje, ili asiingie mtu ila yule aliyeshindwa kabisa. Huenda kijana mvivu aliogopa akarudi kazini. Lakini mzee wa miaka 75, asiyeweza tena kuinua jembe, angerudi wapi? Sheria iliyotungwa kuwatisha wavivu iliwaangukia wasio na nguvu. Mume na mke waliozeeka pamoja walitenganishwa wakiisha kuingia. Ilikuwa mwaka 1847 ndipo ilipoamriwa kwamba waliopita miaka 60 wasilazimishwe kukaa mbalimbali. Aliyepotewa na kumbukumbu aliwekwa pamoja na wagonjwa wengine wa nyumba hiyo, au akapelekwa katika hospitali ya wenye wazimu. Hapakuwa na jamaa aliyeulizwa, “Wampenda mzazi wako akae nyumba ipi?” Nyumba ilikuwa moja tu, nayo iliogopwa kama kaburi.

Nafuu ya kwanza ilikuja tarehe 1 Januari 1909, serikali ilipoanza kuwalipa maskini waliotimiza miaka 70 shilingi 5 kwa juma. Fedha hizo zilikuwa kidogo, lakini ziliwawezesha wengi kubaki chini ya paa lao wenyewe. Mwaka 1930 nyumba za kazi zilikabidhiwa mabaraza ya majimbo na miji, zikapewa jina jipya. Kisha tarehe 5 Julai 1948 Sheria ya Maskini ikafutwa. Waziri Aneurin Bevan alitaka mzee akae kama mgeni katika hoteli: katika malipo yake ya uzeeni ya shilingi 26 kwa juma, atoe 21 za chakula na malazi, naye abakiwe na 5 mfukoni. Nyumba zenyewe ziwe ndogo, za watu 25 au 30.

Maneno hayo yalikuwa mazuri. Yalitimizwa? Mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii, Peter Townsend, hakutosheka na taarifa za maofisini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alizizuru nyumba 173 katika Uingereza na Wales, na kitabu chake kikatoka mwaka 1962. Aliwakuta wazee wengi wangali wakiishi katika majengo yale yale ya zamani, ukuta umepakwa rangi na kibao cha mlangoni kimebadilishwa. Aliangalia mambo ambayo mgeni wa heshima hupita bila kuyaona: vitanda vingapi katika chumba kimoja, mzee ana kabati lake au hana, anashinda akifanya nini mchana kutwa. Wengi walishinda wamekaa vitini, kimya, wakingojea chakula. Kwa maoni yangu kazi hii ya Townsend ina thamani kupita sheria kadhaa.

Ugonjwa wa kusahau, kwa upande wake, ulichelewa kueleweka. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alimpima mwanamke wa miaka 51 mjini Frankfurt mwaka 1901, na mwaka 1906, baada ya kifo chake, akawaeleza madaktari wenziwe mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wake. Hata hivyo, kwa miaka mingi kusahau kwa mzee wa miaka 80 kulihesabiwa kuwa ni uzee tu. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari wengi walikubali kwamba ni maradhi, na polepole zikatokea nyumba zinazowatunza wenye maradhi hayo peke yao.

Haki ya kuchagua ilikuja baadaye. Mwaka 1992 serikali iliagiza mabaraza yampe nafasi mzee anayesaidiwa nayo kutaja nyumba aitakayo, mradi inamfaa na gharama yake haizidi kiasi. Siku hizi wakaguzi huzipa nyumba hizo daraja nne, na daraja hiyo lazima ibandikwe mahali pa kuonekana. Usidhani habari hizi ziko mbali nawe: Wakenya wengi hufanya kazi ya kuwatunza wazee huko, na huenda shangazi yako ni mmoja wao.

Lakini daraja huandikwa siku ya ukaguzi, na aliyepotewa na kumbukumbu hawezi kusimulia jioni yaliyompata asubuhi. Kwa hiyo jamaa wenye busara huizuru nyumba mara mbili, na mara ya pili hufika saa ya chakula. Hutazama kama mtumishi huketi anapomlisha mzee, au humlisha akiwa amesimama. Huuliza ni watumishi wangapi wanaokesha usiku. Kisha humwuliza mmoja wa watumishi, bila kumtega, mzee yule aliyeketi dirishani anaitwa nani, na zamani alifanya kazi gani.