Santuri Isiyo na Pembe

Santuri yenye pembe ya shaba ndiyo inayopigiwa bei. Hoteli huiweka mapokezi, wapambaji wa kumbi za harusi huikodi, na dalali wa vitu vya kale akisikia kuna nyumba ya mirathi inagawanywa, swali lake la kwanza ni kama marehemu aliacha pembe. Kile kisanduku cheusi cha kubeba mkononi, chenye ngozi bandia iliyochubuka kwenye kona, hupewa mtoto achezee. Mimi nasema wanunuzi wameipindua tarehe juu chini. Pembe ilipotawala, Kiswahili hakikuwa bado madukani kwenye sahani. Kiswahili kilipoingia, pembe ilikuwa imekwisha kupitwa.

Tuanze na mbali. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alinasa sauti kwenye silinda iliyovikwa karatasi ya bati. Miaka kumi baadaye Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akaleta sahani bapa, na biashara ikazaliwa hapo, kwa kuwa chapa moja ya chuma iliweza kutoa nakala kwa mamia. Gramophone Company ikaanzishwa London mwaka 1898. Mchoro wa Francis Barraud wa mbwa anayesikiliza mbele ya pembe ukanunuliwa mwaka uliofuata, na mbwa huyo akaja kuonekana hata kwenye kuta za nyumba ambazo mbwa haruhusiwi kuvuka kizingiti.

Sahani zenyewe hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, uleule wa lakiri, ukachanganywa na vumbi la mawe na masizi. Kampuni ilifungua kiwanda Calcutta mwaka 1908. Kwa hiyo sahani iliyoshushwa Unguja au Mombasa ilikuwa bidhaa ya Bahari ya Hindi tangu utomvu wake hadi karatasi yake, na ilifuata njia zilezile za meli zilizoleta mchele na bafta.

Zama hizo pwani ilisikiliza ya wenzake. Wahindi wa mjini walikuwa na sahani za waimbaji wa kwao, akiwemo Gauhar Jaan, ambaye Fred Gaisberg, fundi wa kurekodi wa kampuni hiyo, alimrekodi Calcutta mwaka 1902. Waarabu na wapenzi wa tarabu walitazama Misri. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, ala ya nyuzi, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Mpigaji aliyetaka kujua mtindo mpya wa Cairo hakuwa tena na haja ya kusafiri: aliiweka sahani, akainua mkono, akaurudisha nyuma, akaweka tena, hadi fidla yake ikaishika. Kizazi kizima cha wanamuziki kilisomeshwa na mwalimu asiyechoka kurudia. Hao ndio waliokuwa na pembe sebuleni, na hawakuwa wengi.

Kisha ukaja Machi 1928. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa mfinyanzi na muuza vyungu kabla hajahamia mjini mwaka 1911, alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya mbwa, yaani HMV. Katika kundi lake walikuwemo Mbaruk, Buda bin Swedi, Subeit bin Ambari na Maalim Shaaban. Wakati ule kurekodi kwa maikrofoni kulikuwa na miaka mitatu tu tangu kuanza kutumika, kwa hiyo Siti hakulazimika kupigia kelele mdomo wa pembe kama waliomtangulia. Ndiyo maana sahani zake, hata zilizokwaruzika, humleta karibu.

Lakini upande mmoja wa sahani ya inchi 10 unabeba dakika tatu na kidogo. Uimbaji uliokuwa ukienda taratibu usiku kucha, wimbo mmoja ukishika nusu saa kwa vile watu wanatunza na kuomba ubeti urudiwe, ulibidi ukatwe. Baadhi ya nyimbo ziligawanywa pande mbili. Msikilizaji husikia ubeti umesimama ghafla, anageuza sahani, muziki unaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Nadhani tumezoea mno kuziita sahani hizi kumbukumbu ya tarabu ya zamani. Ni kumbukumbu ya tarabu iliyobanwa. Shaaban Robert, aliyemwandikia Siti wasifu uliochapishwa mwaka 1958, hakuhitaji kugeuza ukurasa kila baada ya dakika tatu.

Mauzo yaliwashtua wafanyabiashara. Hapakuwa na aliyetegemea kuwa mchukuzi, mvuvi au mwanamke wa Ng'ambo angetoa shilingi zake kununua sauti. Odeon ikaingia, Columbia nayo, na mwaka 1930 Columbia ikaleta vyombo vyake Unguja kurekodi hapohapo. Halafu mtikisiko wa uchumi wa dunia ukafika, bei ya karafuu ikaanguka pamoja na kila kitu, na mwaka 1931 makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana London yakaunganishwa yakawa EMI. Mto ukakauka. Miaka mingi ikapita bila kurekodiwa tena kwa wingi kama ule wa 1928 hadi 1930.

Mwaka huohuo wa 1931 ndipo kilipotoka kisanduku ninachokitetea: modeli ya 102 ya HMV, ya kubeba kama mkoba, iliyoendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Haina pembe ya kuonekana. Njia ya sauti imefichwa ndani ya mbao na inatokea nyuma, ambako kifuniko kilichoinuliwa huisukuma mbele. Mafundi wengi waliokizoea watakwambia hakuna kisanduku kingine cha kubeba kinachoimba kama hicho. Nyingi ni nyeusi. Nyekundu, kijani na buluu zipo, na ukipata mojawapo usipake rangi. Kisanduku hiki na ndugu zake wa chapa nyingine vilikwenda mikahawani, kwenye baraza, kwenye majahazi, kwenye kambi za mkonge, kwenye vibanda vya reli. Sahani ya Siti ilisikika hasa kwenye mashine za namna hii, au kwenye zile za mezani zilizofichwa pembe. Kuiweka leo juu ya santuri ya 1910 ili ipigwe picha ni kumvisha bibi nguo za mama yake.

Kuanzia 1933 kampuni ikaanza kuuza Afrika mfululizo wa GV, sahani za muziki wa Cuba na nchi za jirani yake. Zilishuka Congo, zikashuka pwani hii pia, zikapanda reli. Vijana wa bara wakazisikiliza kama wazee wao walivyosikiliza Cairo. Morogoro mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha bendi ambayo watu waliijua kwa jina la Cuban Marimba, na jina hilo linatosha kueleza sahani zipi zilikuwa zikizunguka mtaani kwake. Mwaka huo pia, huko Congo, chapa ya Ngoma ya Nicolas Jeronimidis ilianza Léopoldville.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imefanya utomvu wa wadudu kuwa adimu. Ilipoisha, biashara ikarudi, safari hii ikiwa na wenyewe wa hapa: chapa ya Jambo ikarekodi waimbaji wa Kenya na Tanganyika, na Mombasa duka la Assanand likatoa sahani za Mzuri, ambamo tarabu ya Mvita na dansi vilikaa pamoja. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, naye alizunguka na gari lake la kurekodi mwaka 1950 na 1952. Kisha zikaja sahani ndogo za mizunguko 45, nyepesi, zisizovunjika, na redio ya transista iliyoimba bure. Kisanduku cheusi kikapandishwa juu ya kabati. Unguja, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi ziliondoka na kuacha nyumba zenye makabati hayo.

Kilichoziokoa mashine hizo si makumbusho. Ni mafundi saa. Fundi saa anaijua kamani, na santuri ni kamani iliyonenepeshwa. Alipokosa saa za kurekebisha alifungua santuri, na alipokosa vipuri alikata ya pili ili ya kwanza iimbe. Wapenzi wa vitu vya kale hulalamika kuwa mashine za pwani zimechanganywa viungo. Mashine ambayo haikuchanganywa viungo mara nyingi ni ile ambayo haikutumika.

Kazi yenyewe ni hivi. Toa mkono wa kuzungushia, inua duara la chuma linalobeba sahani, fungua skrubu za ubao wa juu, mtambo wote utatoka ukining'inia chini ya ubao. Kabla hujagusa chochote, hakikisha kamani imelegea kabisa: achia breki, acha izunguke hadi isimame yenyewe. Kamani ni utepe wa chuma wa mita kadhaa uliokunjwa ndani ya kopo, na ikiruka haijali ni mkono wa nani. Vaa glavu, lifunike kopo kwa gunia, vuta kutoka katikati, kizingo kwa kizingo, ukiliruhusu gunia lipokee hasira yake. Ndani utakuta grisi ya miaka 70 imekuwa kama nta nyeusi. Hiyo ndiyo sababu ya ule mshindo unaosikika katikati ya wimbo: vizingo vimegandana, vinaachana kwa mkupuo. Oshea mafuta ya taa, kausha, paka grisi mpya yenye unga wa risasi ya penseli, rudisha.

Kisha gavana, kidhibiti mwendo. Ni mhimili mwembamba uliobeba vipande vitatu vya risasi kwenye vyuma laini. Ukizunguka kwa kasi, risasi zinatanuka nje na kuvuta kisahani kidogo hadi kiguse kipande cha ngozi, na ngozi inazuia. Ngozi ikikauka, mwimbaji anatetemeka sauti. Tone moja la mafuta linatosha. Ukimaliza, weka sahani, shusha sindano, chomeka kipande cha karatasi ukingoni na utazame saa: karatasi ikipita mara 26 kwa sekunde 20, uko kwenye mizunguko 78 kwa dakika. Pima wakati sindano inaimba, kwa kuwa uzito wake unapunguza mwendo.

Kichwa cha sauti ndicho kinachowashinda wengi. Vya zamani vina kiwambo cha ulanga, jiwe linalochanika kwa tabaka, ambalo milima ya Uluguru imelitoa tangu enzi ya Wajerumani. Mpira unaokishika kiwambo hugeuka mgumu kama kucha, na sauti inakuwa ya puani. Badilisha mpira, usibadilishe ulanga ikiwa haujapasuka. Vichwa vingine vya mwishoni mwa miaka ya 1920 vilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki unaovimba na kupasuka wenyewe. Hivyo havina dawa.

Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa sahani, basi. Iliundwa iliwe na sahani badala ya kuila. Anayeitumia sindano moja wiki nzima analima. Na sahani ya plastiki ya miaka ya 1970 usithubutu kuiweka hapo; kichwa kina uzito unaozidi gramu 100, na kitaichimbua kwa mara moja.

Kuhusu kuosha sahani za kale, pwani ina adui mmoja, ukungu, na tiba inayoua kuliko ugonjwa, spiriti. Spiriti inayeyusha utomvu. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, brashi laini ukifuata mzunguko wa mistari, na kidole gumba kikilinda karatasi ya katikati isilowe. Karatasi hiyo ina jina la mwimbaji, lugha na namba. Bila hayo unabaki na sauti isiyo na mwenyewe. Zisimamishwe wima, zisilazwe mrundo.

Sasa tahadhari kwa mwenye pesa. India inatengeneza santuri mpya zenye sura ya kale, nyingine zina sanduku la pembe nane, zikiwa na pembe ya shaba nyembamba na beji ya mbwa, nazo zimesambaa duniani kote. Pembe inayong'aa kupita kiasi, mkono wa sauti uliolegea, mtambo mdogo uliotolewa kwenye kisanduku cha kubeba: hizo ni dalili. Kwa hiyo visanduku vya kweli, vilevile vilivyobeba sauti za kwetu, huchinjwa ili pembe za uongo zizunguke.

Sahani nazo zimepungua zaidi ya mashine. Baadhi ya za kale ziko kwenye hazina ya British Library, na mwaka 2007 Janet Topp Fargion alichagua nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950 zikatolewa na Topic Records. Nyingine bado ziko majumbani, chini ya vitanda, ndani ya mifuko ya sukari. Ukiletewa modeli ya 102, usianze na mtambo. Fungua kifuniko: kwa ndani kuna nafasi ya kuwekea sahani chache za safari. Ulizia hizo kabla ya kutaja bei, kwa kuwa wauzaji wengine huzitoa na kuzitupa kwanza, ili sanduku liwe jepesi kulileta dukani.