Michoro ya Kolo na Athari za Waliotutangulia

Msafiri atokaye Ngara akapita Biharamulo kwenda Kahama hayuko mbali na njia waliyoipita babu zetu wa pwani katika karne ya 19. Pande hizo zikijulikana kwa jina la Usui, na mtawala wake Suwarora akitoza hongo kila msafara: nguo, shanga na nyaya. Mzungu Speke alipita huko mwaka 1861 akalalamika mno. Wafanya biashara wetu walilipa wakaenda zao Karagwe, kwa mfalme Rumanyika, wakaweka kituo chao Kafuro. Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta hapo Hamed bin Ibrahim, Mwarabu tajiri, amekaa kama mtu aliye kwao. Leo ukiuliza Biharamulo habari za kale utaonyeshwa boma la Wajerumani. Habari za hongo na za Kafuro wanazo wazee wachache, na wazee hawadumu.

Nimeanza na hayo kwa sababu ninao wanafunzi pande hizo, na mmoja wao aliniletea suala ambalo naona linafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Aliuliza: je, yajuzu Mwislamu kufunga safari kwenda kutazama picha walizochora makafiri juu ya majabali, na je, si bora zifutwe?

Kwanza tuzijue hizo picha. Mashuhuri katika nchi yetu ni za Kondoa. Kijiji cha Kolo kipo kaskazini ya mji wa Kondoa, katika njia iendayo Babati, na wenyeji wake ni Warangi, ambao wengi wao ni ndugu zetu katika dini. Hapo unajiandikisha katika ofisi ya Mambo ya Kale, unapewa mtu wa kukuongoza, kisha unaingia porini mpaka chini ya mlima wa Mongomi wa Kolo. Kupanda ni kwa miguu, na kwa mtu wa umri wangu ni kupanda kwa kupumzika pumzika. Juu yako majabali makubwa yaliyojitokeza mbele kama upenu wa nyumba, na chini ya upenu huo, pasipofikiwa na mvua, ndipo penye michoro.

Mingi ni ya rangi nyekundu, iliyotokana na udongo wenye chuma. Wako tembo, twiga na pofu, wamechorwa na mtu aliyewajua wanyama hao vizuri. Wako watu wembamba kama vijiti, vichwa vyao vipana kama waliofunga vilemba. Pana picha moja ya watu watano ambayo wataalamu wamebishana juu yake. Louis na Mary Leakey walifanya kazi huko mwaka 1951, na Bibi Leakey alidhani ni watu wanamgombania mwanamke. Waliokuja baadaye wakasema la, hiyo ni ngoma ya uganga, mfano wa ile ya Wasandawe iitwayo simbo. Mimi niliitazama kwa muda mrefu na sikuona sababu ya kumpinga hata mmoja wao. Juu ya picha nyekundu ziko nyeupe, za mkono mzito zaidi, ambazo ni kazi ya wakulima waliofika baadaye. Sehemu yote hiyo, kilomita za mraba 2,336, iliandikwa mwaka 2006 katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Na adui zake ni wengi. Miti ikikatwa, jua na upepo hulifikia jabali. Mifugo hujikuna. Wageni hutia maji ili rangi ing'ae wapate kupiga picha, na vijana huandika majina yao. Wako wanaochimba chini ya majabali wakitafuta dhahabu wanayosema Wajerumani waliificha walipokimbia vita, wakavuruga udongo ambao wataalamu wangalijua kwao umri wa mahali penyewe. Tena wako waendao kutambika, kuomba mvua na uzima, wakamwagia pombe juu ya picha. Hili la mwisho sina haja ya kulieleza hukumu yake. Lakini tusichanganye mambo mawili: kosa ni la mwenye kutambika, wala jabali halikumwita mtu.

Sasa jawabu. Qur'ani inatuamrisha mara kwa mara tutembee katika ardhi tukaangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Mtu ataangalia nini ikiwa kila kilichobaki kimevunjwa? Mtume, Rehema na Amani zimshukie, alipokuwa njiani kwenda Tabuk alipita al-Hijr, penye majumba yaliyochongwa katika majabali. Aliwakataza masahaba wasiingie illa kwa kulia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wale. Hakuwaamuru kuyabomoa, na majumba hayo yapo mpaka leo, nayo serikali ya Saudia iliyafanya mahali pake pa kwanza kuandikwa na UNESCO, mwaka 2008. Amr bin al-As naye aliingia Misri akazikuta Ahram na akaziacha.

Aliyejaribu kuzivunja alikuja baadaye sana. Al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, aliweka mafundi mwaka 1196 waibomoe Ahram ya tatu. Walifanya kazi miezi minane, kwa gharama kubwa, wakichomoa jiwe moja au mawili kwa siku, kisha wakashindwa. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi ameyaandika hayo bila ya kuyasifu, na pengo walilolitoboa linaonekana hadi hivi leo.

Katika zama zetu ni Bamiyan, Afghanistan. Masanamu mawili ya Buddha, moja la mita 55 na jingine la 38, yalichongwa ndani ya jabali katika karne ya 6, na Waislamu wakaishi chini yake zaidi ya miaka elfu. Ilipotangazwa kuwa yatavunjwa, Mufti wa Misri Nasr Farid Wasil na Sheikh Yusuf al-Qaradawi walikwenda Kandahar kuwasihi wenye mamlaka. Hawakusikilizwa, na Machi 2001 yakalipuliwa. Huko Swat, Pakistan, uso wa Buddha wa Jahanabad ulilipuliwa mwaka 2007, kisha Wataliana wakashirikiana na wenyeji kuutengeneza. Na kando ya mto Indus, karibu na Chilas, iko michongo kwa maelfu, ambayo mingi itazama katika maji ya bwawa la umeme la Diamer-Bhasha. Hapo hapana chuki ya mtu, ni haja ya umeme tu, lakini jiwe likizama limezama.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Bakuli za Kichina zilizopamba makaburi ya nguzo ya Kunduchi na kwingineko ziling'olewa, na Kilwa Kisiwani ilikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Hayo ni makaburi na misikiti ya Waislamu, si picha za makafiri.

Kwa upande wa Kagera, mfano ni Katuruka, karibu na Bukoba. Wazee wa Kihaya walihadithia kuwa mfalme Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma kufikia mbinguni, ukaanguka. Mtaalamu Peter Schmidt alichimba huko kuanzia mwaka 1970, akakuta athari za wafua chuma wa zaidi ya miaka elfu mbili. Hadithi ilimwonyesha pa kuchimba. Kisha likaja gonjwa la ukimwi, likawachukua wengi waliozijua hadithi hizo au waliostahiki kurithishwa. Schmidt aliporudi mwaka 2008 aliwakuta wanakijiji wenyewe wameanza kukusanya yaliyobaki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda picha na michongo ya miambani iliyotangulia mwaka 1863. Haiwezi kulinda lililomo kifuani mwa mzee. Kwa hiyo nimewaambia wanafunzi wa Ngara na Biharamulo wachukue daftari, wakaulize misafara ya Usui ilipiga kambi wapi, hongo ilipokelewa na nani, na mahali hapo panaitwaje sasa. Daftari mbili zimekwisha nifikia.