Anuradhapura: Mfalme Aliyeandikwa na Wapinzani Wake

Magofu ya Anuradhapura nchini Sri Lanka ni mengi mno. Siku moja haikututosha. Mji huu ulikuwa makao ya wafalme wa Kibudha kwa zaidi ya miaka elfu moja, hadi majeshi ya Wachola kutoka India Kusini yalipouteka mwishoni mwa karne ya 10. Tangu mwaka 1982 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hapa tutazungumzia jengo moja tu.

Stupa ya Jetavana ni kuba kubwa la matofali, lililojengwa ili kuhifadhi masalia matakatifu. Mfalme Mahasena aliianzisha katika karne ya 3. Ilifikia kimo cha mita 122 hivi, na inakadiriwa kuwa ilimeza matofali milioni 93. Wakati huo ni piramidi mbili tu za Giza zilizoizidi kwa urefu. Leo imebaki mita 71 hivi. Tuliizunguka pekupeku, kama desturi inavyotaka, na mawe ya adhuhuri yalituunguza nyayo barabara.

Hata hivyo, aliyejenga yote haya hana sifa njema vitabuni. Tarihi kuu ya kisiwa, Mahavamsa, ilitungwa kwa mashairi ya Kipali na watawa wa Mahavihara, na hao ndio aliowabana Mahasena. Alikataza watu wasiwape chakula, wakauhama mji. Majengo yao yakabomolewa na vifaa vikapelekwa kwa washindani wao wa Abhayagiri. Kisha akaijenga Jetavana ndani ya viwanja vyao! Nani angetarajia wamsifu?

Na Abhayagiri walisemaje? Faxian, mtawa wa Kichina aliyefika mwanzoni mwa karne ya 5, anataja watawa 5,000 huko, na 3,000 Mahavihara. Lakini Mfalme Parakramabahu wa Kwanza alipowaunganisha watawa katika karne ya 12, Mahavihara ndio waliosimama, na maandishi ya wenzao yakapotea karibu yote. Kwa maoni yetu, hasara hiyo inazidi ile ya matofali yaliyoporomoka.

Ikumbukwe kwamba hata Mahavamsa inakiri kuwa Mahasena alichimba mabwawa mengi. Wakulima wa Minneriya, ambao bwawa lake bado linamwagilia mpunga wao, walimfanya mungu wao.