Vita (chapa za Käthe Kollwitz)
Vita ni mfululizo wa chapa 7 za mbao uliotengenezwa na msanii Mjerumani Käthe Kollwitz (1867–1945) katika miaka ya 1921 na 1922. Mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, alijitolea kwenda kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akauawa Ubelgiji Oktoba 1914.

Hakuna uwanja wa mapambano humo. Wengi wa waliochorwa ni wazazi, wajane, akina mama na umma uliobaki nyumbani. Katika chapa ya akina mama, wanawake wamekumbatiana kwa nguvu hadi kuwa kama boma moja jeusi, na katikati yao nyuso za watoto zinachungulia. Ukali wa picha hizo unatokana na mbinu yenyewe: msanii huchonga ubao na kuondoa sehemu zitakazobaki nyeupe, hupaka wino zilizosalia, kisha hukandamizia karatasi. Kollwitz alikuwa ameshazoea kuchapa kwa bamba la chuma na kwa jiwe; aliugeukia ubao baada ya kuona kazi za Ernst Barlach mwaka 1920.

Vita Kuu hivyohivyo viliwazoa pia wanaume wa Ukambani, nchini Kenya, kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa maradhi. Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alirudi kutoka Tanganyika na ufundi wa kuchonga vinyago, akaanzisha uchongaji wa biashara huko. Msiba wa wajane wa wapagazi ulistahili chapa zake pia.