Kuvuka kidirisha
Programu ya tmux hugawanya skrini ya terminali vipande viwili, vitatu: huku unahariri faili, kule seva inamwaga ujumbe wake. Tuviite vidirisha. Na kutoka kimoja kwenda kingine? Wengine husema kuhama. Siridhiki, anayehama hubeba vyombo. Hapa Kindu, nchini Kongo, tuna kuvuka. Mtu wa mtaa wa Kasuku anavuka mto Lualaba asubuhi kwenda mtaa wa Alunguli, jioni anarudi, nyumba yake iko palepale. Kwenye tmux ni hivyohivyo: bonyeza Ctrl na b, achia, kisha mshale. Umevuka, na kazi uliyoiacha ng'ambo inaendelea.

Kasheshe ni kwenye kukata skrini, kwa sababu klavye zetu nyingi ni za Kifaransa. Alama ya kukata kushoto na kulia, baada ya Ctrl na b, ni asilimia (%), na maelekezo mengi huiweka kwenye Shift na 5, kama ilivyo kwenye klavye za Marekani. Kwetu iko kwenye Shift na ù. Ukifuata maelekezo kama kasuku, unapata 5 tupu, na tmux inakujibu kwamba haioni dirisha namba 5.