'Stori za jaba': Jani la wazee lilivyogeuka jina la porojo

Mnamo Mei 2024 nilikuwa ndani ya matatu kutoka Embu kwenda Nairobi. Mama mmoja wa Mbeere, kiti cha mbele yangu, alikuwa akimsimulia jirani yake jinsi muguka ulivyomlipia mwanawe karo tangu kidato cha kwanza hadi chuo. Kijana aliyeketi nyuma akadakia, "Mathe, hizo ni stori za jaba!" Gari zima likaangua kicheko. Mama naye akacheka, kisha akageuka taratibu: "Kijana wangu, jaba nachuma mimi. Hizo stori ni zenu."

Kwa msomaji wa Bara au Visiwani ambaye huenda hajalisikia, jaba ni miraa au muguka katika lugha ya mtaani nchini Kenya. Watanzania huiita mirungi, Waganda mairungi. Stori za jaba ni maneno ambayo mtu huyatoa bila ushahidi, yenye chumvi nyingi, au mipango mikubwa isiyokuwa na senti ya kuianzisha. Anayesema atanunua shamba la ekari 100 ilhali hajalipa kodi ya nyumba, huyo anapiga stori za jaba.

Tukitazama sarufi yake, kihusishi cha -a unganifu katika 'za jaba' hakionyeshi umilikaji. Jaba haina stori. Kinachoonyeshwa ni chanzo: stori zilizozaliwa na jaba. Kiswahili kilikuwa na jamaa zake tangu zamani. Tunazo ndoto za Alinacha, yule wa Alfu Lela Ulela aliyejijengea utajiri kichwani kisha akaupiga teke mtaji wake mwenyewe wa vyombo vya kioo. Tunazo pia hekaya za Abunuwasi. Tofauti ni kwamba Alinacha na Abunuwasi ni watu wa vitabuni, hawana wa kumuudhi. Jaba ina wenyewe, na wenyewe wako Meru na Embu.

Katika safu za Nyambene, kwa Waigembe na Watigania, miraa haikuwa kitu cha kupitishia muda tu. Kulikuwa na bunda maalumu, ncoolo, lililofungwa kwa utaratibu wake na kupelekwa ukweni posa ilipoanza kuzungumzwa, au mbele ya wazee wenye shauri. Bunda lilitangulia, maneno yakafuata. Aliyepokea alikuwa amekubali kusikiliza, na aliyeleta alikuwa amejifunga kusema la maana. Wazee wa Njuri Ncheke walitafuna huku wakiamua kesi za mashamba na za damu. Hakuna aliyethubutu kuyaita maamuzi hayo porojo.

Hata majina ya miraa yenyewe yalibeba historia. Kangeta ni soko lililo kwenye barabara ya kwenda Maua. Mbaine ni jina la rika, na miraa ya mbaine hutoka kwenye miti mikongwe inayohusishwa na rika hilo. Mnunuzi aliyetaja jina alikuwa ametaja mahali au kizazi.

Halafu jani likasafiri. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijaribu kulizuia katika maeneo ya kaskazini, likapenya. Baadaye yakaja yale magari ya pikapu yanayokimbia kama yamefukuzwa kutoka Maua hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson na mtaa wa Eastleigh. Mjini lilipokewa na watu wasiojua Kangeta iko wapi, nao wakalipa majina yao: veve, gomba, jaba. (Gomba, kwa taarifa, ni mgomba uliokatwa mguu, bunda hufungwa kwa majani ya mgomba lisinyauke.) Kutafuna nako kukawa kuchana. Rika na soko vikapotea njiani.

Mjini pia likashika neno handas, ile hali ya mtafunaji macho yakishamwangaza na ulimi ukalegea. Neno hilo linafanana mno na handasa la Kiarabu, lililotupa mhandisi na uhandisi. Liwe na uhusiano nalo au lisiwe, maana inakaa vizuri: mwenye handas hujenga ghorofa kumi kwa mdomo kabla ya saa tisa usiku, na asubuhi zimebomoka zote.

Ninavyosikia mimi, matumizi yaliyokomaa zaidi si yale ya kumkejeli mwingine. Ni yale ya msemaji kujitangulia: "Hizi ni stori za jaba tu, lakini je, ingekuwaje kama..." Hapo anaomba ruhusa ya kuwaza kwa sauti bila kushikwa mashati, na ruhusa hupewa. Si mbali na msimulizi anayesema 'paukwa' akajibiwa 'pakawa'. Kuanzia hapo fisi wanaweza kusema na hakuna atakayedai risiti. Wenye kuidharau Sheng' wangefanya vyema kulisikiliza hili kabla ya kuifukuza darasani.

Tatizo huanza kauli inapomwangukia mtu ambaye hakuomba ruhusa hiyo. Wakati wa safari yangu ile, Kaunti ya Mombasa ilikuwa imepiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, zikisema unawaharibu vijana. Rais akatangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mimea ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, nayo Mahakama Kuu ya Embu ikayasitisha kwa muda. Uingereza ilikuwa imeshafunga soko lake Juni 2014, na Nyambene wanalikumbuka pigo hilo. Hoja za pande zote mbili zilistahili kupimwa. Wazazi wa Pwani hawakuwa wakitania kuhusu watoto wao. Lakini mkulima wa Kiritiri au Siakago alipotaja karo, alijibiwa kwa mzaha ulioundwa kwa jina la zao lake mwenyewe, na mzaha haujibiwi kwa takwimu.

Walimu huniuliza kama mwanafunzi anaweza kuandika 'stori za jaba' katika insha. Kinywani mwa mhusika, ndani ya alama za usemi, naam. Katika maelezo ya mwandishi, porojo na soga zinatosha. Nao watunga kamusi, wakifika kwenye herufi J, wasiishie kuandika 'maneno ya uongo'. Waandike na ule mwanya wa kuomba ruhusa, na katika asili ya neno wataje Nyambene na Mbeere.